Rezo Mpya Inapoingia Sokoni: Kwa Nini Bei Ndogo Peke Yake Haitoshi



Juma hili tunapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakibeba, iwe ndani ya mkoba, iwe ndani ya ncha ya kikwembe: simu. Hapa Lubumbashi hatuhitaji kuuliza mtu yuko kwenye rezo gani. Tunatazama tu mwanzo wa namba. 081 na 082 ni Vodacom. 097 na 099 ni Airtel. 084, 085 na 089 ni Orange. 090 ni Africell.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuja nyuma ya wenzake. Africell ilianza kazi Kongo mwaka 2012, kwanza Kinshasa, baadaye ikafika pia huku kwetu Katanga. Ilikuja na bei ndogo, na vijana wakaikimbilia. Lakini miaka zaidi ya kumi imepita, na kati ya makampuni hayo manne bado inakuja ya nne. Kama bei yake ilikuwa nzuri, kwa nini sisi wote hatukuhama? Jibu lake linagusa mfuko wa kila jamaa, kwa hiyo tulichambue polepole.

Waliotangulia walikuta shamba tupu

Tuanze mbali kidogo. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi inchini mwetu, Telecel, ilianzishwa Kinshasa mwaka 1986 na injinia Miko Rwayitare, wakati inchi ingali Zaire. Simu moja iligharimu maelfu ya dola. Waliobeba simu hizo walikuwa mawaziri, majenerali na wafanyabiashara wakubwa. Mwalimu wa shule aliiona kwa macho tu.

Mwaka 2000 ikaja Celtel. Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja wa asili ya Gambia, Alieu Conteh, alikuwa anajenga rezo yake Kinshasa katikati ya vita. Makampuni ya ng'ambo yalikataa kumletea mnara kwa sababu ya hatari. Basi akaita watu wa hapahapa, wakaokota vyuma chakavu, wakavichomelea mpaka mnara ukasimama. Baadaye aliungana na Vodacom ya Afrika Kusini, na mwaka 2002 Vodacom Congo ikafungua kazi.

Watu hao walipata taabu nyingi, lakini walikuwa na bahati moja: karibu kila mtu waliyemkuta hakuwa na simu. Yeyote aliyenunua SIM alikuwa mteja mpya kabisa. Aliyekuja mwaka 2012 alikuta mambo mengine. Alikuta mama ambaye tayari ana simu mkononi, na ndani ya simu ile kuna majina ya watu wake wote. Kumpa mama huyo SIM ni kazi nyepesi. Kuhamisha majina yale ndiyo kazi.

Mzigo wa minara

Inchi yetu ina kilometa za mraba zaidi ya 2,300,000. Kila antene inataka umeme mchana na usiku. Pale ambapo umeme wa SNEL haufiki, au unafika na kukatika, lazima jenereta iwashwe, na mafuta yake yapelekwe kwa barabara ambazo sisi wote tunazijua wakati wa mvua. Gharama hizo zote zinatangulia. Kampuni inalipa kwanza, mteja anakuja nyuma.

Kuna njia ya kupunguza mzigo. Makampuni ya simu yanaweza kukodi nafasi juu ya mnara mmoja badala ya kila moja kujenga wake. Hapa Kongo kampuni ya Helios Towers inafanya kazi hiyo ya kukodisha minara. Njia nyingine ni kuanzia ndani ya miji mikubwa, mahali ambapo mnara mmoja unahudumia watu wengi, na ndivyo Africell ilivyofanya.

Lakini mama wa mjini ana watu wake mbali. Yeye anakaa Katuba au Kenya, mama yake mzazi yuko Pweto, kaka yake yuko Mitwaba. Rezo ikiwa nzuri hapa mjini tu, siku ya msiba au ya ugonjwa haimsaidii. Ndiyo maana mtu anaweza kusifu bei ya rezo mpya kutwa nzima, lakini ile ya zamani haiondoi katika simu.

Tufanye hesabu kama darasani

Sasa tushike chaki. Tuseme kikundi cha likelemba kina wamama 10. Kila mama anaweza kuzungumza na wenzake 9. Tukihesabu wawili wawili, tunapata jozi 45. Tuseme wamama 8 wako kwenye rezo ya zamani, na 2 wamehamia rezo mpya. Wale 8 wana jozi 28 kati yao wenyewe. Wale 2 wana jozi 1 tu. Jozi 16 zinazobaki zinavuka kutoka rezo moja kwenda nyingine.

Rezo mpya inatangaza: "Piga simu bure kwa wenzako wa rezo yetu!" Maneno matamu. Lakini mama aliyehama ana mwenzake mmoja tu wa kumpigia bure. Wengine 8 wako ng'ambo ya mto.

Na kuvuka mto ule kuna malipo. Mteja wa kampuni moja anapopigia mteja wa kampuni nyingine, kampuni inayopiga inailipa ile inayopokea. Mamlaka ya serikali inayosimamia simu, ARPTC, inatazama mambo hayo ya makampuni kuungana. Tazameni basi ugumu wake: kampuni ndogo, ambayo wateja wake karibu kila mara wanapiga nje, inamlipa mshindani wake kila siku. Ikipandisha bei ya kupiga nje, wateja wanakimbia. Ikiishusha, inajikata yenyewe. Kampuni kubwa haisumbuki sana, kwa sababu wateja wake wengi wanapigiana ndani kwa ndani.

Kwa hiyo si lazima rezo mpya iwe mbaya ndipo ishindwe. Inaweza kuwa nzuri na bado ikahangaika, kwa sababu tu watu wetu wako mahali pengine.

Simu imekuwa pia sanduku la feza

Mwaka uleule wa 2012, Vodacom ilileta M-Pesa inchini mwetu. Airtel Money na Orange Money nazo zikapata nafasi yao. Leo mama anauza sombe na makala, anapokea malipo kwa simu, anatuma feza za masomo kwa mtoto aliye mbali, analipa zamu yake ya likelemba bila kupanda basi.

Hapo ndipo mgeni anapata mlima wa pili. Mahali pa kuchukua feza panatakiwa pawe karibu na nyumba, na yule muuzaji wa mayunite aliye chini ya parasoli lazima awe na feza za kutosha mezani. Muuzaji naye ana akili yake: anaweka feza zake kwenye rezo ambayo wateja wanaiuliza mara nyingi. Wateja nao wanaiuliza ile ambayo muuzaji anayo. Mzunguko huo unamsaidia mkubwa, unamfinya mdogo.

Simu ya SIM mbili

Kuna jambo moja ambalo limemfungulia mgeni mlango, nalo ni simu ya SIM mbili. Mtu anabaki na namba yake ya zamani kwa ajili ya jamaa, kazi na feza, halafu anaweka SIM mpya kwa ajili ya mega za intaneti na bonasi. Lakini mlango ule una upepo. Mteja wa namna hiyo anakuja juu ya bonasi, na bonasi ikiisha anaondoka.

Sisi walimu tunaliona jambo hilo katika daftari la shule. Mzazi mmoja anatuachia namba tatu. Mtoto akishikwa na homa saa tano asubuhi, tunapiga ya kwanza: haipatikani. Ya pili: haipatikani. Ya tatu inaita kwa mtu mwingine. Mtoto analala juu ya benchi, na sisi tunatuma mwanafunzi mkubwa akimbie mpaka nyumbani kwao. SIM nyingi si neno, lakini lazima moja iwe ya kudumu.

Mgeni akishindwa, nani anaumia?

Kampuni inayoshindwa kubeba mzigo inauzwa au inafunga. Mwaka 2016 Tigo iliuzwa kwa Orange, na rezo mbili zikawa moja. Wenye namba za 089 hawakupoteza namba zao, lakini sokoni mshindani mmoja alipungua. Katika mwaka uleule bei za intaneti zilipanda kwa ghafla, na watu wengi walilalamika. Kule Uganda, Africell hiyohiyo ilinunua Orange Uganda mwaka 2014, ikapambana na MTN na Airtel, na tarehe 7 mwezi wa kumi 2021 ikafunga kazi. Wateja wake walilazimika kutafuta namba nyingine.

Ndiyo maana tunasema mgeni sokoni anamsaidia hata yule asiyenunua kwake. Ni kama soko la bunga: muuzaji mpya akitandika mfuko wake na kupima kwa bei ndogo, wale wa zamani nao wanapunguza. Akiondoka, bei inarudi polepole, na hakuna anayetangaza.

Nguvu iko kwa kikundi

Turudi kwenye hesabu yetu. Mama mmoja akihama peke yake, anapoteza. Lakini wale 10 wakikubaliana pamoja kuweka SIM ya pili ya rezo moja, jozi zote 45 zinakuwa za ndani. Bei ileile ambayo haikumfaa mmoja inawafaa wote siku hiyohiyo. Kampuni za simu zinajua kuhesabu watu mmoja mmoja. Sisi tunajua kuketi pamoja na kuamua.

Kabla ya kuamua, kikundi kiulize maneno manne. Rezo hiyo inashika mpaka mahali ambapo wazazi wetu wanakaa? Kupiga kwa rezo nyingine ni franka ngapi kwa dakika? Bonasi inadumu siku ngapi? Mahali pa kuchukua feza pako wapi, na muuzaji anazo kweli? Kila mama aandikishe SIM kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la kijana aliyemuuzia. Na ile namba iliyoandikwa shuleni na kwenye kituo cha afya isiachwe, hata kama mayunite yake ni ghali zaidi.

Katika mkutano wetu ujao, kila kikundi kilete hesabu yake: wangapi wako wapi, na kila mmoja anatumia franka ngapi kwa juma. Tutaziandika ubaoni, tuzitazame pamoja.

Muwe na juma jema, ninyi na watoto.