Likizo Katika Kisiwa cha Mlima wa Moto



Katika darasa moja la kisomo hapa Singida, mama mmoja aliniuliza swali. Alikuwa ameona picha kwenye kalenda. Ilionyesha baba, mama na watoto wawili wa Kizungu, wamelala mchangani kando ya bahari. "Mwalimu," aliniuliza, "hawa wanaumwa?"

Tulicheka sote, na yeye akacheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri. Watu wale wametoka mbali. Wamelipa fedha nyingi. Halafu wamelala tu juani. Wanatafuta nini?

Wako likizo. Mtu aliyeajiriwa hupewa siku za kupumzika kila mwaka. Hapa Tanzania sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo. Mkulima hana sheria ya namna hiyo. Likizo yake hupangwa na alizeti na mtama. Lakini mwili wake nao huchoka, pengine kuliko wa karani.

Watu wengine hutumia likizo yao katika hoteli ya pwani. Hoteli inayopokea familia huwa na vyumba vya wazazi na watoto, chakula ambacho watoto hukipenda, na mahali pa maji ya kina kifupi ambapo wadogo huweza kuchezea. Mama hapiki, hafui, wala hachoti maji. Nilipoeleza jambo hilo, akina mama wa darasa waliacha kuandika wakanitazama.

Sasa twende katika kisiwa kimoja chenye pwani ya namna hiyo. Kinaitwa Ngazija. Ni kikubwa kuliko vingine katika nchi ya Komoro, nayo nchi hiyo iko katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Watu wa huko husema lugha iliyo ndugu wa Kiswahili. Ukimsikiliza Mngazija kwa makini, maneno mengi utayatambua.

Ngazija si kama Unguja. Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Ngazija ni mlima uliotoka chini ya bahari. Huko chini sana ardhini kuna mawe yaliyoyeyuka kwa joto. Fikiria uji mzito unaochemka chunguni. Moto ukizidi, uji hupanda, humwagika pembeni, kisha hupoa na kuganda. Ndivyo mawe yale yalivyopanda, yakamwagika na kuganda, mara nyingi, kwa miaka mingi mno, hata kilele kikatokeza juu ya maji. Mlima wa namna hiyo huitwa volkano.

Sisi wa Singida tunayo volkano jirani. Ukisafiri kwenda Katesh utaona mlima Hanang mbele yako. Una urefu wa zaidi ya mita 3,400, lakini moto wake umezimika tangu zamani. Mlima wa Ngazija unaitwa Karthala. Una mita 2,361 tu. Ni mfupi kuliko Hanang, ila wenyewe ungali hai.

Mlima huo ndio ulioleta uzuri wa pwani. Mawe yake meusi husagwa na mawimbi, yakawa mchanga mweusi. Mahali pengine mchanga ni mweupe, kwa sababu umetokana na matumbawe yaliyoota kuzunguka kisiwa. Matumbawe hayo hufanya ukuta ndani ya bahari. Wimbi kubwa hupiga ukutani na kuvunjika, na maji ya upande wa ndani hubaki matulivu. Ndiyo maana watoto huweza kuogelea hapo. Upande wa kaskazini kuna hata ziwa la chumvi ndani ya shimo la volkano ya zamani, karibu kabisa na bahari. Mtu wa Singidani angelionja maji yake asingeshangaa sana.

Lakini mlima huo huo huleta taabu. Mawe ya Ngazija yana matundu mengi. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi. Kisiwa hakina mito ya kudumu. Wenyeji wengi hukinga maji ya mvua na kuyahifadhi katika matangi. Mwezi Aprili 2005 Karthala ulilipuka, na maelfu ya watu wakakimbia vijiji vyao. Majivu yalianguka juu ya nyumba, juu ya mashamba, na ndani ya matangi. Mwezi Novemba mwaka huo huo mlima ulirudia tena. Hebu fikiri, wewe unayejua thamani ya ndoo moja ya maji: tangi limejaa, lakini maji hayanyweki. Kabla ya hapo, mwaka 1977, mawe ya moto yalitiririka mpaka katika kijiji kiitwacho Singani na kuharibu nyumba. Jina hilo liko karibu mno na majina yetu, nami nilipolisoma mara ya kwanza nilishtuka.

Kaskazini mwa kisiwa, mbali na Karthala, karibu na mji wa Mitsamihuli, palikuwa na hoteli kubwa ya pwani iitwayo Galawa. Katika miaka ya 1990 ilipokea wageni wengi kutoka Afrika Kusini na Ulaya.

Jumamosi tarehe 23 Novemba 1996 wageni walikuwa pwani kama kawaida. Ghafla waliona ndege kubwa ikishuka chini sana juu ya bahari. Ilikuwa ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu watatu walikuwa wameiteka, wakitaka iwapeleke Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaambia kwamba mafuta hayatoshi. Hawakusikia. Mafuta yakaisha, na ndege ikaanguka majini, si mbali na hoteli.

Waliokuwa pwani hawakukaa kutazama. Wenyeji na wageni waliingia majini kwa mashua wakawatoa watu. Walikuwamo madaktari waliokuwa likizo, nao wakaanza kazi pale pale. Katika ndege walikuwamo watu 175. Waliookoka ni 50, pamoja na rubani.

Wengi wa waliokufa hawakuuawa na kishindo. Kila abiria alikuwa na fulana ya kuelea, ile inayojazwa hewa. Waliambiwa wasiijaze mpaka watoke nje ya ndege. Kwa hofu, wengi waliijaza wakiwa bado ndani. Umewahi kuzamisha kibuyu kitupu katika maji? Hukataa, hupanda juu kwa nguvu. Maji yalipoingia ndani ya ndege, fulana ziliwapandisha watu hadi kwenye dari. Hawakuweza kupiga mbizi kuufikia mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hoteli ya Galawa ilifungwa, na baadaye majengo yakabomolewa. Wapishi, wafuaji na wavuvi waliowauzia samaki walibaki na pwani yao.

Wewe pengine hutakwenda Ngazija mwaka huu. Lakini Jumapili baada ya mavuno unaweza kuchukua familia, chakula na mkeka, mkakae juu ya majabali ya ziwa Singidani mkitazama ndege. Hiyo nayo ni likizo, na mimi naipenda kuliko ya kalenda. Ila mtu mzima mmoja asifanye kazi nyingine yoyote isipokuwa kuwatazama watoto. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hutoweka kimya kimya, katika ziwa au katika lambo. Kama hujui kuogelea, usimrukie. Mtupie kamba, mnyoshee fimbo ndefu, au mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara. Dumu hilo litamshikilia juu ya maji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Ngazija haina mito ya kudumu?

2. Kwa nini fulana ya kuelea isijazwe hewa ndani ya ndege?

3. Watoto wa kijiji chenu huogelea wapi? Ni nani huwatazama?