Kijana anataka kazi ya umeme wa jua: achague shahada ipi?

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, na dirisha la kuomba vyuo vikuu hufunguliwa karibu na wakati huo. Kwa familia nyingi za Kahama, Msalala na Ushetu hizo ni siku za pilikapilika: anatafutwa mwenye bando, simu inapita mkono kwa mkono, na kozi inachaguliwa jioni moja. Shahada ya uhandisi ni miaka minne. Wapo watakaouza mpunga wote wa msimu, wapo watakaouza ng'ombe. Ndiyo maana tunalichambua swali hili mapema: anayetaka kazi katika nishati jadidifu, yaani umeme wa jua, maji, upepo au mabaki ya mazao, asomee nini?

Tuanze na kilicho karibu. Katika kijiji cha Ngunga, wilayani Kishapu, mkoa huu huu wa Shinyanga, TANESCO ina mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150, ukianza na megawati 50. Mtu akisikia hivyo anadhani pale wanatakiwa "wahandisi wa sola". Tazama kazi yenyewe. Kupima ardhi, kutengeneza barabara na kuweka misingi ya kushikilia paneli ni kazi ya upande wa ujenzi. Paneli zikishafungwa, hutoa umeme wa aina ile ya betri ya gari. Umeme huo hupita kwenye inveta ugeuzwe kuwa wa aina tunayotumia majumbani, kisha transfoma huupandisha nguvu ili uingie gridi ya taifa. Hapo kote anatakiwa mhandisi wa umeme.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Shamba la sola huhitaji watu wengi linapojengwa. Likikamilika halina mafuta ya kujaza wala injini kubwa ya kuhudumia, hivyo wanaobaki ni wachache.

Kwa sababu hiyo, sisi tungemshauri kijana anayependa jua asome uhandisi wa umeme wa kawaida, halafu sola aiongeze kwa mafunzo ya vitendo na mradi wake wa mwaka wa mwisho. Shahada hiyo hiyo itampeleka TANESCO, kwa wakandarasi wa umeme vijijini, viwandani, na hata migodini Bulyanhulu au Geita. Wana Kahama waliouona mgodi wa Buzwagi ukifikia mwisho wanajua hasara ya kutegemea mlango mmoja.

Anayependa mitambo ana nafasi yake pia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaendeshwa kwa mitambo tisa inayozungushwa na maji. Uhandisi mitambo ndio unaohusika hapo, na ndio utakaomfaa anayetazama pumba za mpunga zinazorundikana nje ya mashine za kukoboa na kufikiria namna ya kuzigeuza kuwa nishati.

Zipo pia shahada zenye jina la nishati jadidifu. Hatusemi ni mbaya. Ila kabla ya kulipa ada, muulize mhusika wa udahili maswali mawili: je, kozi inatambuliwa na TCU, na je, wahitimu wake husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB? Bila usajili wa ERB, sheria haimruhusu mtu kufanya kazi kama mhandisi, hata awe na shahada nzuri namna gani. Bodi hiyo ina mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahitimu kazini, uitwao SEAP. Kijana aujue tangu mwaka wa kwanza.

Kuhusu sifa, fizikia na hesabu za kidato cha sita ndizo zinazobeba uhandisi. Alama zisipotosha, njia haijafungwa. Stashahada ya umeme yenye wastani wa 3.0 au zaidi hufungua mlango wa shahada baadaye. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai. Na anayetaka kuanza kama fundi wa kufunga umeme akumbuke leseni ya EWURA. Wengi hufanya kazi bila hiyo, nao hukosa kazi za halmashauri na za makampuni.

Mwisho ni mkopo. Kuomba HESLB si sawa na kuomba chuo. Ni maombi mengine yenye tarehe zake. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji lazima kihakikiwe RITA kwanza, na hilo huweza kuanza hata kabla ya matokeo kutoka.