Hewa, Damu na Mwendo: Elimu ya Kutoachwa na Kundi katika Mbio za Baiskeli

Katika mbio za baiskeli za ridhaa, aghalabu anayeachwa nyuma katika nusu saa ya kwanza ana mapaja yenye nguvu za kutosha, ila amezitumia mahali pasipostahili. Na kwa kuwa vijana wengi wa wilaya zetu za Korogwe na Handeni wamekua juu ya baiskeli, wakibeba magunia ya mahindi na madumu ya maji tangu utotoni, ni masikitiko makubwa mtu mwenye sulubu ya namna hiyo kukata tamaa baada ya shindano moja, akidhani kwamba maumbile yamemnyima kitu, ilhali alichokosa ni maarifa, na maarifa hufundishika.

Adui wa kwanza wa mpanda baiskeli kwenye tambarare ni hewa. Aendaye taratibu sokoni hana habari nayo, lakini upinzani wake huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na nguvu ya kuushinda huongezeka kwa kipeo cha tatu. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa akienda kilomita 30 kwa saa akataka kwenda 36, yaani aliyeongeza sehemu moja tu ya tano, hudaiwa na hewa nguvu zaidi kwa asilimia 73 hivi. Kwa mwendo huo sehemu kubwa ya jasho lake huishia katika kuipasua hewa, na kinachobaki ndicho kiendacho katika msuguano wa tairi, mnyororo na ekseli.

Anayekaa nyuma ya mwenzake, kiasi cha nusu mita hadi mita moja kutoka gurudumu lililo mbele yake, huingia katika hewa iliyokwisha pasuliwa, akapunguziwa robo hadi theluthi ya kazi yote. Mwaka 2018 mtaalamu wa Kibelgiji Bert Blocken na wenzake walilichunguza kundi la wapanda baiskeli 121 kwa hesabu za kompyuta na kwa bomba la upepo, wakaona kwamba walio katikati kabisa ya kundi hukutana na upinzani wa hewa usiozidi asilimia 5 hadi 10 ya ule unaompata mtu aliye peke yake. Makundi mazito kiasi hicho ni adimu katika mashindano yetu, walakini kanuni ni ile ile hata mkiwa wanne: anayetoka nje ya kinga na kupiga ubavuni mwa kundi ili aonyeshe ushujaa hulipa gharama ya wawili, na deni hilo hudaiwa kilimani.

Kinga hii ina adabu zake, na mwanafunzi hana budi kuzijua kabla ya kuitamani. Macho yasigandishwe kwenye gurudumu la mbele bali yapite juu ya bega la mwenzako hadi njiani. Gurudumu lako lisilale ubavuni mwa gurudumu lake, kwa sababu akiyumba kidogo wewe ndiwe utakayeanguka. Breki isikamatwe ghafula. Na aliye mbele awatangazie wenziwe shimo, mchanga au mbuzi anayevuka. Kofia ngumu ivaliwe hata katika mazoezi, kwa maana lami haijui kwamba leo si siku ya mashindano.

Barabara ya lami itokayo Korogwe kwenda Handeni, yenye urefu wa kilomita 65 hivi, ni mahali pazuri pa kujifunzia, pazuri zaidi kuliko barabara kuu ya Segera na Mombo ambako mabasi na malori hayampi mtu nafasi ya kufikiri. Barabara hiyo huelekea kusini-magharibi. Wakati wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, upepo humsukuma mgongoni aendaye Handeni na kumkabili usoni arudipo. Wakati wa kusi humpiga ubavuni, wa kushoto akienda na wa kulia akirejea, japokuwa umbali wa bahari huupunguza ukali. Upepo wa ubavu huihamisha kinga: haipo tena nyuma sawasawa, bali nyuma na pembeni, upande wa demani kama wasemavyo mabaharia, usiopigwa na upepo. Katika safari ya kwenda, upande huo uko kulia, katikati ya barabara yanakopita magari, kwa hiyo katika mazoezi mfuatane mstari mmoja na kupokezana mbele kwa zamu fupi. Katika safari ya kurudi demani iko kushoto, na wa mwisho hujikuta ukingoni mwa lami hana pa kujificha. Hapo ndipo makundi hukatika, na anayelijua jambo hili husogea mbele kabla ya kona, wala hangoji kona imfundishe.

Kisha kuna vilima. Korogwe imo katika bonde la mto Pangani, mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na Handeni iko karibu mita 700. Njia baina yao huinuka na kuinama, lakini mwisho wa hesabu hupanda. Mwendo unaposhuka hadi kilomita 12 kwa saa, kinga ya hewa hukaribia kutoweka na uzito hushika hukumu. Mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya chuma ya kilo 20 anainua kilo 80. Mtu huyo huyo juu ya baiskeli ya mbio ya kilo 9 anainua 69, naye amepunguziwa karibu sehemu moja ya saba ya mzigo. Dhuluma hii haiwezi kuondolewa kwa mazoezi, na ningependa kuona Chama cha Baiskeli Tanzania kikitenga, katika kila shindano la wilaya, daraja la baiskeli za kawaida. Mwenye baiskeli nzito hata hivyo ana hila halali: auanze mwinuko akiwa miongoni mwa wa mbele, apande kwa pumzi yake mwenyewe huku wengine wakimpita mmoja mmoja, na kileleni atajikuta mkiani mwa kundi, lakini bado ndani yake. Na asipumzike kileleni, maana walio mbele huanza kuteremka na kuongeza mwendo wakati wa nyuma wangali wanapanda. Kundi hunyooka kama mpira unaovutwa, na mita 20 zinazopotea hapo huwa ghali kuliko kilima chenyewe.

Mwili nao una kizingiti chake. Chini ya kizingiti hicho misuli huchoma chakula kwa oksijeni, na mtu aweza kwenda kwa saa nyingi. Juu yake lakteti, zao la wanga unaovunjwa na misuli, hujilimbikiza katika damu kuliko inavyotumika, pumzi hukatika, na muda uliobaki huhesabiwa kwa dakika. Wengi huituhumu lakteti kuwa ni sumu, kumbe moyo na misuli huitumia kama kuni. Kizingiti huinuliwa kwa subira: sehemu kubwa ya mazoezi iwe ya mwendo ambao mtu aweza kuzungumza, na siku mbili kwa juma apande kwa nguvu dakika 4, apumzike kwa mwendo mdogo dakika 3, arudie mara nne. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache. Vimishipa vidogo na mitokondria, vinu vya nguvu ndani ya chembe, hutaka majuma na miezi. Subira hiyo hulipa: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alianzia katika kundi la vijana la David Kinjah huko Kikuyu, akijifunza kwa kuwafuata walioendelea.

Wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini hutosha mbio kali za saa moja na nusu hadi mbili. Baada ya hapo, asiyekula huishiwa ghafula. Ndizi mbivu mbili kwa saa, au tende, zatosha wengi. Maji yanywewe kidogo kidogo, pamoja na chumvi kiasi katika safari ndefu. Mtu akijipima kabla na baada ya mazoezi, kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, na kipimo hicho cha mwili wake ndicho kimwongoze. Mwenzenu akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka katika joto la bonde, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima papo hapo, ndipo mtafute gari la kumpeleka hospitali.

La mwisho lahusu damu yenyewe. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na ugonjwa huo, ingawa umepungua, haujatuacha. Malaria huangamiza chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, na homa ikiisha upungufu huo hubaki, mgonjwa akajiona mzima nyumbani lakini akaachwa na kundi kwenye mwinuko wa kwanza; akijilaumu kwa uvivu na kuzidisha mazoezi, hujidhuru. Aliyetoka kuugua apimwe wingi wa damu katika hospitali ya Magunga, ya Handeni, au kituo kilicho karibu naye, arejee kwa safari fupi na nyepesi, wala asishindane mpaka kipimo kimerudi katika hali yake, hata ikiwa hilo litachukua majuma kadhaa na shindano lenyewe limpite.