Mashini Ikilia Shambani, Kilicho Chini ni cha Nani?



Katika ziara zetu vikundini kuna swali linalorudi mara kwa mara, hasa upande wa magharibi ambako dhahabu huchimbwa, na pia kule pwani. Watu wameona kwenye simu picha za Wazungu wakitembea mashambani na mashini yenye mkono mrefu. Mashini inalia, wanachimba kidogo, kumbe ni kipande cha dhahabu au sarafu ya kale! Sasa vikundi vinatuuliza: Je, tunaweza kutoa akiba yetu tukanunua mashini ya namna hiyo? Wengine wanauliza: Amekuja mgeni na mashini yake, anataka kupita katika mashamba yetu. Tumjibu nini?

Maswali haya yanahusu jasho la watu na ardhi ya watoto wetu, kwa hiyo tumeona tuyajibu polepole, moja baada ya lingine.

MASHINI YENYEWE HUFANYA KAZI NAMNA GANI?

Wengi huiita detekta. Ina mkono kama wa fagio refu, betri, kisanduku cha sauti, na chini yake kuna duara kama sahani. Ndani ya sahani hiyo waya umezungushwa mara nyingi. Umeme wa betri hupita katika waya huo ukibadilika haraka sana, na kwa sababu hiyo nguvu ya sumaku huingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, iwe ni chuma, shaba, fedha, dhahabu au aluminiamu, umeme mdogo hutokea ndani ya metali hiyo, nayo hurudisha nguvu yake ya sumaku. Sahani huisikia, na mashini hulia.

Hapo tuangalie vizuri. Mashini haisikii dhahabu. Inasikia metali. Msumari wa nyumba iliyobomoka unalia. Kifuniko cha soda kinalia. Kipande cha sufuria kinalia. Mashini zilizo bora hujaribu kutofautisha chuma na metali nyingine, lakini hata hizo mara nyingi huchanganya dhahabu ndogo na kipande cha aluminiamu, kwa maana sauti zao hukaribiana. Mwenye mashini hajui ameokota nini mpaka achimbe.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaletwa na chombo chake kuitafuta risasi mwilini. Hakufaulu. Inasemekana sababu moja ni kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya kitanda chenye springi za chuma, na chombo kikasikia springi.

Tena mashini haifiki mbali. Sarafu moja iliyolala peke yake, kwa kawaida mashini ya kadiri huisikia hadi sentimita 20 au 25 hivi. Kitu kikubwa husikika chini zaidi, na kitu kidogo kama punje ya mchele ni lazima kiwe karibu sana na sahani. Udongo wenye madini mengi ya chuma, kama udongo mwekundu wa sehemu nyingi za nchi yetu, nao huipigisha mashini kelele za bure.

WENYE MCHEZO HUU NG'AMBO

Kule Uingereza, Marekani na Australia kutafuta vitu kwa mashini ni mchezo wa mapumziko, kama vile wengine wanavyokwenda kuvua samaki siku ya Jumamosi. Mtu ana mshahara wake au pensheni yake. Akirudi jioni na misumari na vifungo vya nguo, hakuna mtoto aliyelala njaa. Hilo tusilisahau tunapotazama zile picha, kwa sababu hakuna anayejisumbua kupiga picha siku aliyokosa.

Ni kweli wapo waliopata. Mwaka 1980 huko Kingower, katika jimbo la Victoria nchini Australia, Kevin Hillier aliokota kwa mashini bonge la dhahabu la kilo 27, likiwa chini karibu sentimita 30 tu. Liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1 za Marekani. Lakini Victoria ni nchi ya mabonge. Watu wameyaokota huko tangu miaka ya 1850, na anayekwenda kutafuta ni lazima awe na kibali cha serikali.

Habari ya pili ina mafundisho zaidi. Mwezi wa Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne nchini Uingereza, mkulima alipoteza nyundo yake shambani. Alimwita rafiki yake Eric Lawes mwenye mashini aje amsaidie kuitafuta. Badala ya nyundo, Lawes alikuta sarafu na vijiko vya kale. Alichimba kidogo, akaona mambo ni makubwa, akaacha, na habari ikapelekwa kwa wakubwa. Wataalamu walikuja wakafukua kwa utaratibu, wakapata sarafu karibu 15,000 za zamani za Warumi, za dhahabu, fedha na shaba. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, naye akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na hata leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la London.

Angalieni mambo matatu aliyofanya mtu huyu: aliingia shambani kwa ruhusa, aliacha kuchimba, na alitoa habari. Hakuuza kisirisiri sokoni usiku. Na nchi yake ina sheria ya kumlipa mtu aliyetoa habari kwa uaminifu. Asifikiri mtu kwamba kila nchi iko hivyo.

DHAHABU YA KWETU

Dhahabu ipo Migori, Kakamega, Vihiga na Siaya, hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya dhahabu hiyo imo ndani ya mwamba, imetawanyika kama unga. Ndiyo maana wachimbaji wetu wanaponda mawe, wanasaga, halafu wanaosha. Unga wa namna hiyo mashini hausikii. Unaweza kupitisha sahani juu ya jiwe lenye dhahabu ndani na mashini ikanyamaza kimya. Hatusemi kwamba mabonge hayapo kabisa kwenye mito. Tunasema kwamba mashini iliyotengenezwa kwa mabonge ya Australia haiwezi kufanya hapa kazi iliyofanya kule.

Halafu kuna habari ya mwenye mali. Wazee wa Kakamega waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kwamba ardhi ya Waafrika haitachukuliwa bila wao kupewa nyingine mahali pake. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega, na mwaka 1932 sheria hiyo ikabadilishwa haraka ili machimbo yapate nafasi. Dhahabu ilipotokea, ahadi ilidumu miaka miwili tu.

Leo sheria inasema hivi: kwa Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote yaliyo ardhini ni ya Jamhuri, yanashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba inakupa kulima, kujenga na kurithisha. Haikupi dhahabu iliyo chini. Kutafuta madini au kuyachimba bila kibali ni kosa, hata shamba likiwa ni lako. Lakini sheria hiyo hiyo inamlinda mwenye shamba, kwani mtu hapewi kibali cha kutafuta madini katika shamba la mtu bila mwenyewe kukubali. Wachimbaji wadogo walio raia wanaweza kuomba kibali chao kwa afisa wa madini katika kaunti, na vyama vya wachimbaji navyo vinatambuliwa. Kikundi kinachotaka dhahabu kianzie katika ofisi hiyo, si dukani kwa mwenye kuuza mashini.

SARAFU ZA KALE JE?

Hapa pia tutenganishe. Ile ndururu ya mkoloni yenye tundu katikati, ambayo bibi alikuwa akiifunga kwenye pindo la leso, ilitengenezwa kwa mamilioni. Ni ukumbusho mzuri wa kuwaonyesha wajukuu, lakini si utajiri. Rupia yenye jina la Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza, ni habari nyingine. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kuvitafuta vitu hivyo kwa kuchimba kunahitaji leseni, hata katika shamba lako mwenyewe. Na aliyekikuta kwa bahati, kwa mfano akichimba shimo la choo, anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa katika siku 7.

Kwa nini sheria iwe kali hivyo kwa kisarafu kimoja? Mwaka 2010, huko Mambrui karibu na Malindi, wataalamu wa Kenya na China walifukua sarafu moja ya shaba yenye tundu, ya mfalme wa China aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Kwa kuwa ilichimbwa kwa utaratibu na mahali ilipolala pakaandikwa, iliweza kutoa ushahidi wa biashara ya pwani yetu na nchi za mbali. Kama ingechokolewa na mtu usiku na kuuzwa, ingebaki kipande cha shaba tu kisicho na habari.

Na tuwaonye juu ya ulaghai. Wapo wanaosema kuna sarafu ya zamani yenye nguvu ya kuvuta mchele, na kwamba tajiri fulani anaitafuta kwa mamilioni. Ulaghai huu umejulikana sana kule India. Mwisho wake daima ni ule ule: toa kwanza pesa kidogo za kupima. Ukisikia "toa kwanza", ujue ndipo mtego ulipo.

KINACHOLIA KINAWEZA KUUA

Kuna chuma kingine ardhini ambacho hakifai kuguswa. Upande wa Taveta kulipiganwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mlima wa Salaita ulipiganiwa mwezi wa Februari 1916. Kule Samburu na Laikipia, mabomu yaliyoachwa na majeshi katika mazoezi yaliua na kulemaza wachungaji na watoto, hata mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa walalamikaji zaidi ya 200. Mashini hulia juu ya bomu kama inavyolia juu ya sufuria. Mkiona chuma cha mviringo chenye kutu msichokijua, msikiguse wala msikigonge. Wekeni alama mbali kidogo, ondoeni watoto na mifugo, mwambieni chifu na polisi.

TUFANYE HESABU

Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja anaweka shilingi 200 kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 208,000. Hizo ni karo, ni mbuzi wa maziwa, ni tangi la maji, ni mikopo ya biashara ndogo inayorudi na faida. Mashini za dhahabu zilizo bora huuzwa zaidi ya dola 5,000 za Marekani, yaani zaidi ya nusu milioni ya kwetu. Nyingi za bei ya chini kabisa hazikutengenezwa kwa dhahabu ndogo. Kwa hiyo akiba ya zaidi ya miaka miwili ya watu 20 ingekwenda kwa chombo kimoja, tena chombo ambacho huruhusiwi kukitumia bila kibali, juu ya dhahabu ambayo hakiisikii.

Jibu letu basi ni hili: mtu mwenye pesa zake za ziada akitaka kujua mashini hii, hiyo ni shauri yake, mradi afuate sheria. Akiba ya kikundi isiguswe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikipinduliwa mara moja, ni kuanza upya.

MGENI AKIJA NA MASHINI

1. Mwombeni karatasi mbili: kitambulisho chake na kibali cha serikali. Asiye navyo arudi alikotoka, kwa heshima.

2. Mpelekeni kwa chifu, na neno litolewe barazani, si kwa mzee mmoja nyuma ya nyumba.

3. Mwenye shamba akikubali, mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi: atapita wapi, siku ngapi, na kikipatikana kitu kitafanywa nini kwa mujibu wa sheria.

4. Makaburi, kaya na mahali pote pa ibada na matambiko pasiguswe.

5. Kila shimo lifukiwe siku ile ile. Ng'ombe na mtoto hawajui shimo lilichimbwa na nani.

6. Msitoe pesa yoyote kabla, iwe ya kupima, ya mafuta ya gari au ya "kufungua njia".

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana Yesu anasimulia habari za mtu aliyekuta hazina katika shamba. Mtu yule hakuondoka nayo gizani. Alikwenda akauza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua kwanza shamba. Bwana alikuwa akifundisha juu ya Ufalme wa Mungu, lakini hata katika mambo ya udongo tunaweza kujifunza kitu: haki ya shamba ilitangulia hazina.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Je, katika eneo letu kuna watu waliokuja kutafuta dhahabu au sarafu? Walipita kwa nani?

2. Katiba ya kikundi chetu inasemaje juu ya kutumia akiba kwa jambo la kubahatisha? Kama haisemi kitu, tuandike nini?

3. Ni nani kati yetu atakayekwenda kwa afisa wa madini wa kaunti kuuliza juu ya vibali, na atatuletea jibu siku gani?