Sabufa la Mtaani Halikati Leseni

Tuanze na masafa. Shika kitufe cha redio ya bajaji, ukiwa 88.1 uko East Africa Radio. Sogeza kiduchu tu, 88.5, Clouds. Sogeza tena, 88.9, Wasafi. Stesheni tatu za masela zimebanana ukuta kwa ukuta kama vyumba vya kupanga pale Manzese Midizini, jirani akikohoa unamwambia pole. Ukipanda mbele kuna EFM 93.7, halafu Times 100.5. Zote zinapiga ngoma, zote zina madijei wakali, na ijumaa usiku zote zinajifanya klabu. Lakini kati ya hizo hakuna hata moja iliyothubutu kuwa redio ya kujimwaga tu, biti asubuhi, biti mchana, biti mpaka mlinzi anabadilishana zamu. Na hii ndo Dar, mji uliohesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, nusu yao wanajua kukata mauno kabla hawajajua kusoma (hiyo ya nusu ni hesabu yangu ya kijiweni, msiipeleke bungeni).

Kwa hiyo mtu mwenye mtaji akija Manzese akauliza, "Wadau, nikifungua redio ya muziki wa kucheza tu, natoboa?", kijiwe kizima kitamjibu unatoboa mapema sana. Mimi ningemwambia akae kwanza, aagize kahawa, tuongee mkwanja.

Mzuka haujawahi kuwa tatizo hapa. Clouds yenyewe haikuanza na mnara. Ilianza na disko. Joseph Kusaga na wenzake walikuwa wanapiga disko la kuhamahama tangu miaka ya 80, na redio ikaja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 90, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuwafungulia watu binafsi geti ambalo Radio Tanzania ilikuwa inalilinda peke yake. Nairobi mchongo ulikuwa huohuo. Homeboyz walikuwa madijei wa shoo kwanza, leo ni 103.5 hewani. Yaani kote huku dijei ndo kamzaa mtangazaji. Ila angalia kilichotokea mtoto alipokua. Clouds inayotikisa mji ni ya Power Breakfast, Leo Tena na Jahazi: maneno. EFM nayo asubuhi ni Joto la Asubuhi, na soka inaongelewa Sports HQ mpaka refa anajuta kuzaliwa. Mdomo unauza kuliko biti, kwa sababu mwenye tangazo anataka watu waliotulia wakasikiliza, sio watu walioinua mikono juu macho yamefumba.

Hapo ndo singeli inapoleta ubishi mtamu. Huu muziki ni wa kwetu, wa huku Manzese, Tandale, Mburahati, Mwananyamala na kule Temeke. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, vinanda vidogo vya Casio vikipigwa kupitia spika mbovu hadi zinalia, na makundi kama Jagwa Music yakikesha nayo. Redio kubwa zilimkaushia mchiriku kama hazimjui. Ulikuwa muziki wa wahuni, basi, mjadala umefungwa. Madogo wa uswazi wakaja na kompyuta, wakakata vipande vya taarabu, wakaviongezea spidi mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika, mtu wa maiki akaingia juu yake anachana bila kumeza mate. Chimbo lake likawa kigodoro. Shughuli ya harusi au ya kumtoa mwali, mahema yamefunga njia, sabufa zimepangwa hadi usawa wa dirisha la mjumbe, na mjumbe mwenyewe kakaa mbele na soda yake. Serikali ilikuwa ikivipiga marufuku vigodoro mara kwa mara, kwa ajili ya kelele na mambo mengine ambayo maza akisoma hapa atanikata jicho. Marufuku ikipita wiki mbili, mahema yanarudi.

EFM ilipoanza 2014 ilicheza kete ambayo wazito wengine waliiona ya kiswazi. Ikawapa wachanaji wa singeli maiki, ikaja na Singeli Michano, madogo wakapambanishwa hewani. Na kwa shoo zake za Muziki Mnene ikatoka studio ikazunguka bar kwa bar. Ndani ya miaka miwili mitatu upepo ukageuka. 2016 Man Fongo na Hainaga Ushemeji yake alikuwa anapigwa mpaka ushuani, na Profesa Jay, mtu mzima wa bongo fleva, akamvuta Sholo Mwamba kwenye Kazi Kazi. Msaga Sumu alishakuwa mfalme mtaani siku nyingi, redio ikaja kumvalisha taji ambalo tayari lilikuwa kichwani.

Kuna wanaosema redio ndo iliyoitoa singeli. Mimi nakataa. Redio ilikuta chungu kimeiva, ikaja na sahani. Na haikupakua kila kitu. Waliopita redioni ni wale wenye maneno: stori za mashemeji, madanga, majirani wanoko, dharau za mwenye nyumba. Upande wa biti tupu, ule wa kompyuta unaokimbia kama umeiba, ulipita mlango mwingine. Studio ya prodyuza Sisso iko Mburahati, ukitoka Manzese hata nauli huhitaji, lakini kanda yake iliyoitingisha dunia, Sounds of Sisso ya 2017, ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wazungu wakadata. Maprodyuza akina Jay Mitta na Bamba Pana wakaenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya, huku mtaani kwao mshikaji wa mtaa wa pili anauliza, "Huyu dogo anafanya mishe gani siku hizi, simuoni?" Hewani Dar, biti bila mchanaji haina kazi, kwa sababu mtangazaji hana pa kudakia.

Na spidi nayo ni ishu ya kibiashara, msicheke. Ngoma ya singeli ikikatwa ghafla likaingia tangazo la mikopo ya watumishi, sauti nzito, "masharti na vigezo kuzingatiwa", moyo unashtuka kama gari limefungwa breki. Amapiano ya wasauzi haina shida hiyo. Inatembea taratibu, unaweza kuongea juu yake, kuuza juu yake, hata kuombea mgonjwa juu yake. Ndo maana redio za mjini ziliipokea haraka kuliko zilivyoipokea singeli ya jirani yao. Hainifurahishi, ila naelewa mhasibu anawaza nini.

Halafu kuna njia ambazo ngoma zinapita siku hizi bila kugonga hodi redioni. Zamani daladala za Kimara na Posta zilikuwa stesheni kamili, suka anachagua, konda anapandisha sauti, abiria wanalipa na uziwi juu. Mwendokasi ilipoingia Barabara ya Morogoro 2016, zile daladala zikaondolewa njia hiyo, na kuanzia Tip Top mpaka Argentina watu wanasafiri wameziba masikio kwa simu zao. Bodaboda ana flashi yake, kajaziwa nyimbo kwenye kibanda cha memori kadi kwa hela ya chai. Dogo wa form two anajua goma jipya kwa TikTok, siku mbili kabla mtangazaji hajasema "exclusive". Na ukisema basi nifungue redio ya mtandaoni niepuke mnara, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilikuja na leseni na ada zake. Sabufa peke yake ndo halikati leseni, na ndo maana linashinda.

Kwa hiyo redio ya kujimwaga Dar ni kitonga au ni kujichimbia kaburi? Kwa mfumo tulionao, wa kusubiri kampuni ya simu, kampuni ya bia na watu wa mikeka walete tangazo la mwezi, naiona inakata pumzi mapema. Hao wanataka nyomi linaloongea, na wameshalipata kwenye soka na umbea.

Lakini kuna kitu wenye redio hawajakiangalia vizuri, na kiko kwenye kigodoro kila jumamosi. Mchanaji akiwa na maiki, watu wanakuja mbele wanamtunza. Anashika noti, anaangalia, anakutaja: wewe, duka lako, mtaa wako, mkeo, na yule adui yako unayetaka asikie. Papo hapo, ndani ya biti, bila kusimamisha mtu kucheza. Jamani, hilo ni tangazo! Limelipwa taslimu, limeimbwa na msanii mwenyewe, na mlengwa kalisikia kwa mwili mzima. Taarabu ilifanya hivyo kabla yetu, mama zetu wakitunza kwa madaha na kijembe juu. Hakuna idara ya masoko iliyobuni kitu kikali zaidi ya hicho.

Muuza mitumba wa Manzese Darajani hana bajeti ya kwenda kukaa kwenye kochi la wakala wa matangazo. Ila jero mbili za kutajwa mchana, akiwa kafungua belo jipya, atatoa, tena kwa simu, huku anaendelea kumvutia mteja suruali. Mama ntilie atatoa siku ya pilau. Fundi simu atatoa ili amuumize fundi wa fremu ya pili. Redio ya kucheza inayotaka kuishi iweke wachanaji zamu kwa zamu hewani, iwaachie wachane majina na bidhaa juu ya biti, na hesabu ifungwe jioni kama duka linavyofunga. Saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, wakati kitaa kiko kazini mikono inafanya kazi na masikio yapo wazi, hapo ndo pa kuanzia, wala sio ijumaa usiku ambapo kila mtu tayari yuko kwenye sabufa.

Na prodyuza wa biti naye agawiwe siku hiyohiyo. Januari 2022 COSOTA, watu wa hakimiliki, ilipogawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 ilikuwa habari ya mji mzima, kwa jinsi wasanii walivyokuwa wamezoea kusikia ngoma zao redioni na kulipwa salamu. Dogo wa Mburahati aliyekesha kwenye kompyuta hawezi kusubiri mgao wa mwaka. Chumba kodi yake ni ya miezi sita, mwenye nyumba hasikilizi singeli.