Fahamu: Gari la haibridi si lazima limchoshe dereva

Wanunuzi wengi huamini kwamba gari la haibridi hubana mafuta kwa kumnyima dereva raha. Dhana hiyo ina chanzo. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na usukani unaopanda na kushuka tu, hivyo mwenye miguu mirefu alirudisha kiti nyuma na kubaki amenyoosha mikono. Kizazi cha tatu, mwaka 2009, kilileta usukani unaovutwa karibu, na bado kikatumia mafuta kidogo kuliko kilichotangulia. Kilichomchosha dereva, basi, ni mpangilio wa kiti na usukani, wala si ubanaji wa mafuta.

Wapo watakaosema kiyoyozi ndicho kinachokula mafuta. Kweli kinatumia nishati, ila kompresa ya vizazi hivyo viwili vya Prius huendeshwa kwa umeme, hivyo hupoza hata injini ikizimika kwenye foleni. Kuhusu mkao, wengine huweka mto mnene mgongoni, lakini huo humsogeza dereva karibu mno na mfuko wa hewa wa usukani. Heri kuanza na marekebisho ya bure: breki ikikanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo, na viwiko visinyooke kabisa.