Mauaji Yasiyokatiwa Shauri

Filamu ya Kimarekani iitwayo The Texas Chain Saw Massacre, iliyoongozwa na Tobe Hooper na kutolewa mwaka 1974, ingali ikitajwa kila panapojadiliwa sinema za kutisha. Aghalabu husemwa habari za msumeno na damu. Sisi tunaona kuwa linalostahili kuangaliwa zaidi ni yale iliyoyaacha bila kuyamaliza.

Kisa chenyewe si kirefu. Vijana watano wanasafiri kwa gari katika jimbo la Texas. Makaburi ya huko yamefukuliwa, na Sally na nduguye Franklin wanataka kuhakikisha kama kaburi la babu yao limesalimika. Wanaangukia mikononi mwa ukoo wa wauaji, na wanne wanauawa. Sally peke yake ananusurika, akidandia pikapu kunapopambazuka. Muuaji anabaki barabarani akizungusha msumeno wake wa injini, na hapo picha inakatika.

Je, ukoo ule ulikamatwa? Dereva wa lori aliyesimama kumsaidia Sally, kisha akatimua mbio, aliishia wapi? Maandishi ya mwanzo yanatuahidi kwamba jinai ile iligunduliwa, lakini hatuonyeshwi polisi wala hakimu. Filamu ya pili, ya mwaka 1986, ilieleza kuwa wauaji hawakupatikana, na kwamba katika kumbukumbu za serikali mauaji yale hayakutokea kamwe!

Liko na jambo jingine lililoachwa njiani. Kijana mmoja wa ukoo ule, aliyepewa nafasi garini, anasimulia kwamba jamaa zake walikuwa watu wa machinjio. Ng'ombe wakiuawa kwa nyundo, hata ukaja mtambo mpya ukawanyima watu kazi. Maneno hayo yanapita upesi, wala hakuna anayeuliza wasiokuwa na kazi tena walikwenda wapi. Ukosefu wa kazi hauhalalishi uuaji. Lakini swali lile lilistahili jibu.

Nchini Uingereza, bodi ya ukaguzi wa filamu iliinyima cheti mwaka 1975, na haikuipitisha hadi mwaka 1999. Ajabu ni kwamba damu inayoonekana ndani yake ni chache kuliko sifa zake. Kinachomkosesha mtazamaji usingizi si jeraha, bali ni shauri lisilokatwa.

Hapa ndipo penye funzo kwa wakuu wanaokabidhiwa kazi ya kukagua filamu. Kuhesabu matone ya damu hakutoshi; yafaa kuuliza pia hadithi inamwacha mtazamaji na nini moyoni. Nasi wa visiwani, tunaojuana kwa nyumba na kwa koo, twafahamu vyema kwamba msiba uliozikwa bila ya haki kutendeka hauishi matanga.